Chapeo ya 1498: namna ya kufua kofia ya chuma ya Mreno bila kukosea karne

Mwalimu alikuja kibandani kwangu hapa Malindi, upande wa Barani, akiwa na picha kwenye simu. Kofia ya chuma yenye upanga wa jogoo juu, ukingo umepinda mbele na nyuma kama dau. "Fundi, nazitaka nane. Wanafunzi wanaigiza Vasco da Gama akishuka hapa." Mimi kazi yangu ni majiko, makarai na mageti, lakini bati ni bati. Nikasema inshallah, nikapokea arubuni, nikaanza ya kwanza.

Siku ya nne, kofia inang'aa juu ya benchi, akaja mzee mmoja wa Shela kuchukua jiko lake. Enzi zake alikuwa akiwatembeza wageni kwenye mnara wa Vasco da Gama na magofu ya Gede. Akaigeuza ile kofia mara mbili, akauliza, "Hii ya nani?" Nikamwambia ya Vasco da Gama. Akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, Vasco da Gama alitia nanga hapa Aprili 1498. Hii ni ya watu waliojenga Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, na Fort Jesus ilianza kujengwa 1593. Umemvika babu kofia ya kitukuu."

Ndiyo maana maelekezo haya hayaanzi na nyundo. Yanaanza na mwaka. Kabla hujakata hata kipande cha bati, amua kofia yako ni ya mwaka gani na ya mtu gani, kisha umbo litajileta lenyewe. Ukianza na umbo kwa sababu picha imekupendeza, utafua wiki nzima halafu mzee wa watu aje akucheke.

Sasa jaribu kitu kimoja, ndicho kilichonifungua macho. Chukua sufuria kuukuu, ipindue, igonge kwenye kitako chake bapa kwa nyundo. Kisha pindua karai, uligonge ubavuni kwa nguvu ileile. Sufuria inaingia shimo. Karai linaitelezesha nyundo, pigo linakwenda zake pembeni. Sehemu kubwa ya historia ya kofia za chuma za Ulaya imo katika mapigo hayo mawili.

Zamani sana kule Ulaya kupata bati moja pana la chuma kulikuwa shida, basi mafundi waliunda kofia kwa mapande: mikanda ya chuma inakutana utosini, kati yake vibati, vyote vimepigwa ribiti. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliopigana Hastings kule Uingereza mwaka 1066 walivaa kofia iliyochongoka juu, yenye ulimi wa chuma unaoshuka mbele ya pua. Zimedariziwa waziwazi kwenye kile kitambaa kirefu cha Bayeux, kilichoshonwa karne hiyohiyo. Mchongoko ule ni karai: panga likishuka linateleza.

Halafu ikaja karne ya 13, na wapanda farasi wakataka kufunikwa uso mzima. Wakapewa debe. Kweli kabisa, debe la chuma lenye ufa wa macho na vitundu vya kupumulia, na juu bapa. Unajua tayari kosa liko wapi: ni kitako cha sufuria. Karne haikwisha kabla juu hapajaanza kuinuka na kuchongoka kama yai. Karne ya 14 kofia ikapungua, ikakaribia kichwa, pazia la pete za chuma likaning'inia shingoni, na mbele wengine wakabandika kifuniko chenye pua ndefu kama ya nguruwe, ili pigo la mkuki liteleze na pumzi ipate nafasi. Karne ya 15 mafundi wa Milano, ukoo wa Missaglia wakiwa maarufu kuliko wote, walikuwa wakifua vitu vinavyofunga uso kama mlango wa kabati. Wajerumani wao wakapendelea kofia yenye mkia mrefu wa kufunika shingo. Hizo zote ni nzuri, na zote siyo za kuanzia. Ukijaribu kofia yenye bawaba kabla hujafua bakuli lililonyooka utaacha kazi hii.

Kuna ndugu mwingine katika ukoo huu ambaye hatajwi sana, naye ndiye ninayekufundisha. Ni kofia ya askari wa kawaida: bakuli na ukingo mpana kuzunguka, basi. Ilikuwapo tangu karne ya 12, na kwa zaidi ya miaka 300 haikubadilika sana kwa sababu tatizo lake halikubadilika. Vitu vinatoka juu. Mishale inashuka, watu walio ukutani wanakumwagia mawe, ukingo unavitupa mbali na shingo na mabega. Masikio yako wazi, macho yako wazi, upepo unapita. Waingereza waliiita kwa jina la chungu cha kupikia, na jirani yangu anayeuza viazi karai aliponiona nimevaa akaniuliza nimeliiba wapi.

Mwishoni mwa karne ya 15, Uhispania na Ureno, kofia hiyo ilipata sura yake ya nyumbani, kapasete. Bakuli limevutwa juu likawa kama lozi, utosini kuna kikonyo kidogo kilichopinda nyuma, na ukingo umeinama chini. Kidevu kilikingwa na kipande chake cha peke yake. Hiyo ndiyo ya 1498. Katika karne iliyofuata ukingo ukainuka mbele na nyuma, bakuli likaota upanga wa jogoo, tukapata morioni, ile ya picha ya mwalimu. Na kama unadhani mambo yaliishia hapo, tazama picha za askari wa Uingereza wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1915 John Leopold Brodie alisajili London kofia ya chuma ya bakuli na ukingo mpana, kipande kimoja kilichokandamizwa kwa mashine. Askari yuko handakini, vipande vya mizinga vinatoka juu. Tatizo lilelile, kofia ileile.

(Mtu akikuletea picha ya kofia ya Waviking yenye pembe, mrudishie. Pembe zile zilienezwa na mavazi ya jukwaani ambayo Carl Emil Doepler aliyachora mwaka 1876 kwa opera, michezo ya kuimbwa, za mtunzi Mjerumani Wagner. Kofia yao inayojulikana zaidi, iliyopatikana Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943, ni ya mviringo, ina miwani ya chuma mbele, na haina pembe hata moja.)

Haya, tufue.

Bati. Nunua bati jeusi la geji 18, yaani unene wa milimita 1.2. Shiti moja ya futi 8 kwa 4 inatosha kofia nane na vipande vinabaki. Geji 16, milimita 1.6, ndiyo iliyo karibu zaidi na uzito wa zile za kweli, na kofia itafika karibu kilo mbili na ushei. Lakini mtoto wa kidato cha pili hawezi kusimama nayo jukwaani nusu saa. Bati la pipa la lita 200 nalo linafaa, ila lioshe vizuri na usilitie moto kabla hujajua lilikuwa na nini.

Bati la zinki usiliguse. Hapa nazungumza kwa uchungu. Kofia yangu ya pili niliifua kwa mabaki ya mabati ya paa, nikayapasha mpaka yakaiva mekundu ili yalainike. Moshi mweupe ukapanda, nami nimeinama juu yake kama mtu anayejifukiza. Usiku ule nilitetemeka mpaka kitanda kikalia. Mke wangu akasema malaria. Ilikuwa zinki. Kesho yake jioni nilikuwa nimeshapata nafuu, lakini sikusahau. Mafundi wengi watakwambia kunywa maziwa. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda mapafuni.

Kipimo. Mpime mvaaji kichwa kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi. Wengi wangu walikuwa kwenye sentimita 56 hadi 58. Sasa ongeza nafasi ya godoro la ndani. Kila sentimita moja ya godoro huongeza sentimita 6 na kidogo kwenye mzingo wa kofia, na hapa ndipo wanaoanza huharibu: wanafua kofia ya saizi ya kichwa, halafu hakuna pa kuweka nguo. Kichwa cha 58 chenye godoro la sentimita 1.2 kinataka kofia yenye mzingo wa ndani wa karibu 65 na nusu.

Na hapa Mungu katusaidia, kwa sababu mpira wa miguu namba 4 una mzingo wa kati ya sentimita 63.5 na 66. Chukua mpira mkuukuu uliojaa upepo vizuri, huo ndio utosi wako wa kupimia. Kwa mtu mwenye kichwa kikubwa tumia namba 5.

Chora mstari wa kati kwenye mpira kuanzia paji la uso, kupitia utosini, hadi kisogoni. Kofia yetu ni nusu mbili zinazokutana kwenye mstari huo. Lalisha gazeti juu ya nusu moja, lipapase kutoka katikati kwenda nje, na pale linapokunjamana likate kwa mkasi kuanzia pembeni. Libandue, litandaze juu ya katoni. Litafunguka kama maganda ya chungwa. Zungusha kalamu nje yake ukiyapuuza mapengo, ongeza sentimita moja na nusu ya kupandanisha upande wa juu, na sentimita tatu upande wa chini ili kofia iwe na kina. Utapata umbo kama mashua iliyolala ubavu: ncha mbili, tumbo pana. Ukitaka lile lozi la kapasete, inua mstari wa juu sentimita mbili pale utosini, usiinue mbele na nyuma.

Kata kwa mkasi wa bati au grinda, kisha piga tupa kingo zote. Usiruke hatua ya tupa. Mkwaruzo mmoja ulioachwa pembeni ndio utakaopasuka ukianza kuvuta bati.

Kisha gogo. Langu ni la mwembe uliodondoka kwa jirani. Nililichonga shimo la upana wa sentimita 15 na kina cha sentimita 4, nikaweka makaa ndani lijichome, nikalikwangua. Nyundo iwe na uso wa mviringo kama yai, isiwe na kona. Weka bati juu ya shimo, anza kupiga karibu na ukingo, zunguka, ingia kidogo, zunguka tena, mpaka ufike katikati. Mapigo yawe mepesi na mengi. Bati litaanza kukunjamana pembeni kama shuka. Kila kunyanzi likitokea lipige palepale lingali dogo, kwa sababu likijikunja juu ya lenyewe umelipoteza bati hilo.

Utasikia sauti ikibadilika. Mwanzo bati linalia "du", baadaye linalia "ti" na nyundo inaruka. Limekaza. Lipeleke kwenye mkaa, livukutie mpaka liwe jekundu la cheri... hapana, cheri hatuna; liwe jekundu kama tunda la mkungu lililoiva, kisha lifukie kwenye majivu lipoe polepole. Ukilizamisha majini halitakuwa jiwe, maana ni chuma laini, lakini litapinda ovyo. Kwa geji 18 mimi hupasha mara moja kwa kila nusu, mara mbili ikiwa nataka lozi refu.

Linganisha na mpira kila baada ya raundi. Nusu zote mbili zikikaa, zisawazishe kwa nje. Mimi natumia ncha ya ekseli ya lori niliyoiviringisha kwa grinda na kuibana kwenye jiliwa. Vika nusu juu yake na uigonge kwa nyundo bapa iliyosuguliwa, ukihisi kwa kiganja palipo na kibonde. Kazi hii inachosha kuliko zote na ndiyo inayotenganisha kofia na karai. Kijana wangu aliniuliza kwa nini tusimalize kwa grinda tu. Jibu ni kwamba grinda haiondoi kibonde, inakondesha kilima, na bati la milimita 1.2 halina pa kukonda.

Kuunganisha kuna njia mbili, na nitakuwa mkweli. Kapasete nzuri za wakati ule zilifuliwa kwa kipande kimoja, bila mshono. Mimi siwezi bado. Kwa kofia ya 1498 ninazichomea nusu mbili kwa weldi pale kwenye mstari wa utosi, nasaga mshono, na ule mgongo unaobaki unafanana na mgongo wa kapasete ya kweli. Ukiwa huna weldi, fanya kofia ya miaka 200 kabla yake: pandanisha nusu, juu yake weka mkanda wa bati wa upana wa sentimita 2.5, upige ribiti kila sentimita 3. Kofia za ukingo za kale ziliungwa hivyohivyo kwa mapande, kwa hiyo hapo hudanganyi mtu.

Ribiti nazikata kutoka misumari ya milimita 4. Toboa tundu la saizi hiyohiyo, acha mkia wa milimita 6 utokeze, yaani mara moja na nusu ya unene wa msumari. Ukiwa mfupi haukazi, ukiwa mrefu unapinda. Kabla ya ribiti yoyote, funga kofia nzima kwa bolti na nati ndogo, tazama kama imekaa sawa, halafu badilisha bolti moja moja.

Ukingo ulinitesa kuliko bakuli. Nilikata pete ya duara kamili, nikaivika, ikakaa bapa kama kofia ya mkulima. Ili ukingo uiname chini, pete lazima ikatwe pungufu. Fanya hivi: kata vipande viwili, kila kimoja kiwe nyuzi 150 badala ya 180, kwa bikari. Mstari wa kukunjia uwe na nusu kipenyo cha sentimita 12 na nusu, nje ya hapo sentimita 6 za ukingo na moja ya kukunja, ndani ya hapo sentimita moja na nusu ya kupandia kwenye bakuli. Vipande vyote viwili vikikutana, ukingo unajiinamisha wenyewe, bila kulazimishwa. Acha sentimita mbili za ziada upande mmoja wa kila kipande ili vipandane.

Ule mkunjo wa ndani unavutwa sana na utapasuka ukiukunja baridi. Wa kwanza wangu ulipasuka mahali pawili. Upashe mwekundu, uukunje kidogo kidogo juu ya pembe ya fuawe, upashe tena. Pembeni nje, viringisha bati juu ya waya wa milimita 3 kama tunavyofanya kwenye mdomo wa karai. Hapo sikufundishi kitu kama wewe ni fundi bati.

Kichwa cha mtu si mpira. Kofia ikikamilika, isimamishe kwa ubavu juu ya gogo na uibane kwa mikono na goti mpaka iwe ndefu kidogo mbele na nyuma. Tofauti ya sentimita mbili au tatu inatosha.

Godoro la ndani nilimwachia shangazi. Alishona marekani mbili pamoja, akajaza usufi, akatia mishono ya kushikilia kila upana wa vidole viwili. Umbo lake ni ndimi sita zinazokutana juu, kila ncha ina tundu, na uzi mmoja unapita kote. Ukiukaza uzi kofia inapanda, ukiulegeza inashuka. Hivyo ndivyo walivyofanya wao pia, ila walitumia kitani. Ndimi zimeshonwa kwenye mkanda wa ngozi, mkanda umepigwa ribiti ndani ya bakuli. Kamba ya kidevu iwe ya ngozi na bizimu.

Rangi. Mwalimu alitaka zing'ae. Nilimwambia hapa kwetu upepo wa bahari utazila kabla ya siku ya mchezo, na hata wao wengi waliacha chuma cheusi kama kilivyotoka motoni, au walipaka rangi. Pasha kofia bila godoro mpaka mafuta yaanze kutoa moshi yakigusa, ipake mafuta ya linsidi ya maseremala kwa kitambaa, rudia mara tatu. Itatoka nyeusi inayovuta kahawia. Baadaye ni nta ya nyuki kila mwezi. Mafuta ya nazi usitumie; hayakauki, yanavunda, na sisimizi wanakuja. Kutu ikianza, ukwaju na mchanga laini vinaitoa.

Kofia hii ni ya jukwaani na ya kuwekwa ukutani. Kijana mmoja wa bodaboda alinibembeleza nimuuzie, akaahidi bei nzuri. Nilikataa. Chuma hakinyonyi pigo la lami. Kinalipeleka kichwani kama lilivyo.

Siku ya mchezo watoto wanane walitoka na kofia zao nyeusi, na mzee wa Shela alikuwa kiti cha mbele. Mmoja wa wanafunzi, mtoto wa mchungaji, aliniambia kwao kanisani kofia ya vita inaitwa chapeo, ipo kwenye Waefeso. Mzee akadakia kwamba neno lenyewe ni la Kireno, wao husema chapéu, kofia tu ya kawaida. Parafujo nalo ni lao.

Ile yenye upanga wa jogoo mwalimu hakuichukua. Iko kwenye rafu yangu, nimeipindua, nimeijaza parafujo za inchi mbili. Mtu akija na mchezo wa Fort Jesus nitaimwaga.